Zawadi Iliyomng'oa Mume Wangu Kucha

Nilimnunulia kifaa cha kamera siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Akanishukuru, akanibusu, kisha akakaa kimya miezi mitano. Kimya hicho kilitufikisha zahanati.

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri: mimi ni mke wa mpiga picha. Si yule wa kulipwa, hapana. Jumatatu hadi Ijumaa Baba Neema anavaa tai na kukaa benki akichambua mikopo ya watu. Jumamosi anapiga harusi moja moja, hela ya mafuta ya gari ipatikane. Lakini moyo wake, ukitutoa mimi na Neema, uko kwa ndege. Na siyo za kupandia uwanjani. Nasema ndege wenye manyoya, wa porini.

Mwaka 2022 binamu yake anayefanya kazi Dubai alimtafutia lenzi iliyotumika: Canon ya milimita 500, f/4, toleo lililotoka mwaka 1999. Ilifika ndani ya begi kubwa utadhani la mtoto anayekwenda bweni. Nilipolinyanyua nikauliza kama kuna matofali. Kumbe lenzi peke yake ina kilo 3.87! Ukiifunga kwenye kamera yake, Canon EOS 7D Mark II, ambayo nayo ina karibu kilo moja, unakaribia kilo tano. Neema alizaliwa na kilo 3.1, na huyo baada ya nusu saa nilikuwa natafuta mtu wa kunipokea.

Nikauliza swali ambalo mke yeyote angeuliza. Ya nini yote hii? Akanijibu kwa upole kwamba ndege hakusubiri umsogelee. Ukikanyaga jani moja kavu, ameshakwenda. Kwa hiyo wewe unabaki mbali na lenzi ndiyo inayomvuta karibu. Kwa kamera ya aina yake, ambayo sensa yake ni ndogo kuliko ile ya filamu ya zamani, milimita 500 zinakupa ukubwa wa picha sawa na wa milimita 800. Raha tupu.

Tatizo ni kwamba lenzi inayomvuta ndege karibu inakuza pia kila mtikisiko wa mkono wako. Ukipumua tu, ndege anacheza ndani ya fremu kama yuko disko. Na kilo tano hizo huwezi kuzishika muda mrefu. Dakika ya kwanza wewe ni shujaa, dakika ya tano mikono inatetemeka, dakika ya kumi unatamani kurudi benki. Ndiyo maana watu wa lenzi hizi wanahitaji tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, na juu ya hiyo stendi kinakaa kitu kinachoitwa kichwa. Hicho kichwa ndicho kilichotaka kunivunjia nyumba.

Mke wa mwaka

Machi 2023 tulikuwa tunatimiza miaka sita ya ndoa. Mwaka wa nyuma yake alininunulia viatu vya rangi niliyoitaja mara moja tu, njiani, bila hata kusimama. Nikaona zamu yangu hii, lazima na mimi nimshangaze.

Nilikuwa nimemsikia akiongea na wenzake kwenye simu: "Bila gimbali hii lenzi hainifai." Nikalishika neno hilo kama nenosiri. Mchana mmoja nikatoka ofisini, nikaingia duka moja la vifaa vya picha mjini, nikasema kwa kujiamini: "Nataka gimbali."

Kijana akaniletea kidude cheusi chenye mpini na mota. "Gimbali ndiyo hii sista, ya kisasa, unachaji kama simu. Unaweka simu yako hapa, unarekodi hata ukikimbia video inatulia."

Nikamwambia siyo simu, ni kamera yenye lenzi ya kilo tano. Akakitazama kidude chake, akanitazama na mimi, akakirudisha kabatini. Akatoa kitu kingine, kizito, kinang'aa, kina gololi kubwa katikati inayozunguka ndani ya kikombe, na kifundo cha kukazia pembeni.

"Hii sasa ndiyo ya kazi. Inabeba kilo ishirini. Hata wewe sista ukikaa juu inakubeba!"

Nilicheka, nikatoa laki tatu na nusu, nikaomba wanifungie kwa karatasi ya zawadi. Jioni Baba Neema alipofungua boksi alikaa kidogo bila kusema kitu, akacheka, akanikumbatia. "Mama Neema, umewaza nini jamani!" Nikajiona mke wa mwaka. Ule ukimya mdogo kabla ya kicheko niliuona, ila nikaupuuza.

Siku ya furukombe

Agosti 2023 tukachukua likizo ya siku tatu kwenda Mikumi. Kwa wasioijua, hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake, kiasi kwamba abiria wa basi wanaona twiga bila kulipa kiingilio. Neema tulimwacha kwa bibi yake. Nilibeba kanga, kitabu, na matumaini ya mapenzi ya porini.

Asubuhi ya pili tulikuwa kwenye bwawa la viboko, mahali ambapo kiongozi wetu alituruhusu kushuka. Baba Neema akasimamisha tripodi, akafunga kichwa changu cha zawadi, akapachika lenzi. Juu ya mti mkavu ng'ambo ya maji alikuwa ametua furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayekula samaki.

"Ataruka sasa hivi," kiongozi akanong'ona.

Akaruka. Baba Neema akalegeza kifundo ili amfuate. Hapo, wapenzi wasomaji, niliona kwa macho yangu kilo tano zinavyogeuka kuwa adui. Lenzi ililala upande kwa kishindo, tripodi nzima ikainama kuelekea majini, na mume wangu akaidaka kwa mkono wa kushoto. Kidole chake cha kati kikabanwa kati ya lenzi na mguu wa tripodi. Sijawahi kumsikia akipiga kelele vile.

Lenzi ilipona, isipokuwa kile kikombe cha mbele cha kuzuia jua kilipasuka. Kucha ilining'inia. Kiongozi akaendesha mwendo wa ambulansi mpaka zahanati huku akinituliza: "Shemeji usilie, kidole kipo." Walimsafisha, wakaing'oa kucha, wakamfunga bandeji.

Tukiwa ndani ya gari nikasema, "Lile duka nitawarudishia kichwa chao! Waliniambia kinabeba kilo ishirini!"

Akajibu taratibu, "Kinabeba, mke wangu. Siyo kosa la duka. Siyo kichwa cha kazi hii tu."

"Umejuaje?"

Kimya.

"Baba Neema, ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile nilipofungua boksi."

Nilihisi kama nimepigwa kibao. Miezi mitano! Alikuwa akikitumia kichwa hicho kila mwisho wa wiki akijua hakifai, anakaza, analegeza kwa woga, anapiga picha za ndege waliotua tu, na akirudi nyumbani ananiambia kinafanya kazi vizuri. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Sikutaka kukuvunja moyo."

Nikamwambia, "Kwa hiyo ukaona bora uvunje kidole?"

Hatukusemeshana mpaka Chalinze.

Kumbe mzigo si tatizo

Wiki mbili baadaye, kidole kikiwa bado kimefungwa, tulikwenda kumsalimia mzee mmoja anayepiga picha za wanyama tangu enzi za filamu. Tulitoa shikamoo, tukanywa chai, na Baba Neema akasimulia. Mzee akakitazama kidole, akacheka, akatuonyesha kovu la kwake.

"Wanangu, kichwa cha gololi ni kizuri," alituambia. "Kwa mandhari, kwa harusi, kwa lenzi ndogo, sina ubaya nacho. Ila uzito wa mzigo unakaa juu ya gololi. Ukikaza, umesimama. Ukilegeza, mzigo unatafuta chini. Na ukishaanza kulala, unalala na stendi."

Nilielewa hapo kwa nini muuzaji hakunidanganya. Kilo ishirini ni uzito ambao kichwa kinaweza kuushikilia kikiwa kimekazwa. Lakini ndege anayeruka hakufuatiwi na kichwa kilichokazwa. Unatakiwa ulegeze, na ukilegeza, zile kilo ishirini za kwenye boksi hazikusaidii.

Kichwa cha gimbali kinafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Mkono wake unapanda pembeni, na lenzi inaning'inizwa kama mtoto kwenye bembea badala ya kuwekwa juu kama ndoo kichwani. Kina mihimili miwili: mmoja wa kuzunguka kushoto na kulia, mwingine wa kuinama juu na chini. Siri ni kwamba kitovu cha uzito wa lenzi na kamera kinapangwa kikae pale pale mihimili hiyo inapokutana. Ukishapanga hivyo, mzigo hauna upande unaotaka kuangukia. Unausogeza kwa kidole, unauachia, unabaki pale pale ulipouacha.

Wazo hili si geni pwani kwetu. Dira ya meli imening'inizwa ndani ya pete zinazozunguka kwa mtindo huo huo, ili chombo kikiyumba dira ibaki imelala sawasawa.

Na tuwekane sawa: kile kidude chenye mota alichonionyesha kijana dukani nacho ni gimbali, ila ya kutuliza video za simu na kamera ndogo. Hii tunayoizungumzia haina betri wala mota. Ni chuma, beringi na akili. Ukienda dukani sema wazi: kichwa cha gimbali cha tripodi, cha lenzi kubwa.

Maswali sita kabla ya kutoa hela

Mzee hakukubali tuondoke bila kujibu maswali yake. Nayaleta hapa, kwa wewe mwenye lenzi na kwa wewe unayeishi na mwenye lenzi.

*Moja: unapigia wapi?* Hili ndilo la kwanza, na wengi wanaliruka. Kama asilimia kubwa ya picha zako unapiga ukiwa ndani ya gari la mbugani, huenda huhitaji tripodi kabisa. Miguu mitatu haina pa kukaa kati ya viti. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, jaza maharage au mchele, ulaze dirishani au kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa, weka lenzi juu yake. Ukisafiri unabeba mfuko mtupu na maharage unanunua sokoni ukifika. Gimbali inakufaa ukiwa chini, kando ya bwawa, kwenye kibanda cha kujificha, mahali unaposubiri saa nzima na ndege anaweza kutokea upande wowote. Ukiwa ni mtu wa mpira, pale uwanjani mguu mmoja unatosha na hauchukui nafasi ya mwenzako.

*Mbili: lenzi yako ina uzito gani?* Pima pamoja na kamera. Kwa lenzi za kilo tatu kwenda juu, za milimita 500 au 600 f/4, chukua gimbali kamili. Kwa lenzi za wastani, kuna kifaa kidogo cha pembeni kinachopachikwa juu ya kichwa cha gololi ulichonacho na kukigeuza kuwa gimbali. Ni nafuu na chepesi, ila kichwa cha gololi chenyewe lazima kiwe imara, na kwa lenzi kubwa zaidi si cha kutegemea.

*Tatu: lenzi inakaa chini au pembeni?* Gimbali kamili nyingi zina kikalio cha chini: unaweka lenzi juu ya kibao, unakaza, basi. Kikalio hicho kinapanda na kushuka, kwa hiyo unaweza kusawazisha vizuri. Nyingine zinashika lenzi kwa ubavu. Hizo ni nyepesi zaidi, lakini unapofunga lazima ubebe uzito wote kwa mkono mmoja huku mwingine unakaza. Mwenye lenzi ya kilo nne na kidole kibovu achague ya chini.

*Nne: inalaini kiasi gani?* Hili huwezi kulijua kwa picha ya tangazo. Kiguse. Kizungushe polepole kabisa. Kikikwama kwama, kikianza kwa kuruka, au ukisikia mchanga ndani, kiache. Kisha kaza vifundo vyote na ujaribu kuutikisa mkono wake. Ukicheza, na picha zako zitacheza.

*Tano: pleti inaingiliana?* Mtindo unaotumika sana ni ule wa Arca-Swiss, wa kibao chenye kingo zilizoinama kinachoteleza kwenye mfereji. Nunua pleti ndefu ya kutosha, maana utahitaji kuitelezesha mbele na nyuma. Na iwe na skrubu ndogo za kuzuia kila mwisho, ili ukisahau kukaza lenzi isiteleze ikaanguka.

*Sita: tripodi yako ikoje?* Kichwa cha maana juu ya stendi ya kitoto ni hasara. Tafuta yenye uwezo mara mbili au tatu ya mzigo wako, na skrubu ya juu ya inchi 3/8. Ile nguzo ya katikati inayopanda usiipandishe, na ikiwezekana nunua isiyo nayo kabisa. Ukiipandisha umeweka lenzi ya kilo nne juu ya fimbo.

Bei je? Ile inayotajwa sana kwa ubora, Wimberley WH-200 ya Marekani, ina kilo 1.4 na bei yake mpya inazidi dola 500, kabla hujaweka usafiri na kodi. Zipo za alumini kutoka viwanda visivyo na jina kubwa kwa bei ya chini sana, na baadhi yake ni nzuri tu ukipita nazo kwenye lile jaribio la nne. Zipo za kaboni, nyepesi na ghali. Na zipo zilizotumika. Kifaa hiki hakina umeme wala kompyuta ndani, kwa hiyo kikitunzwa kinakaa miaka mingi.

Sisi tulikaa mezani na daftari. Tulikuwa tunadunduliza kwa ajili ya makochi. Tukakubaliana makochi yasubiri miezi mitatu, tukanunua kilichotumika kwa milioni moja na laki moja, na tukaenda kukikagua wote wawili. Mimi ndiye niliyekizungusha taratibu. Cha kwanza tulichoonyeshwa nikakikataa, kilikuwa kinakwama.

Kusawazisha hatua kwa hatua

Kununua ni nusu ya kazi. Gimbali isiyosawazishwa haina tofauti kubwa na kichwa cha gololi. Fanya hivi:

Simamisha tripodi, upime ulalo wake kwa ile pima-maji ndogo iliyopo juu yake, kama fundi anavyopima tofali. Tripodi ikiwa imeinama, kila ukizungusha lenzi upeo wa macho nao unalala.

Funga lenzi ikiwa na kila kitu utakachotumia: kamera, betri, kikombe cha jua. Kama ni lenzi ya zumu inayorefuka, iweke kwenye urefu unaoutumia zaidi, maana ikirefuka uzito unahamia mbele.

Shika kamera kwa mkono mmoja, legeza kifundo cha kuinamia polepole. Mbele kukianguka, rudisha pleti nyuma. Nyuma kukianguka, sogeza mbele. Endelea mpaka ikae mlalo bila kushikwa.

Sasa inamisha lenzi, iangalie juu kiasi, uiachie taratibu mkono ukiwa karibu. Ikizidi kuanguka, mzigo uko juu mno: shusha kikalio. Ikirudi yenyewe katikati kama bembea, mzigo uko chini mno: pandisha kikalio. Ikibaki pale pale ulipoiacha, umemaliza. Weka alama kwa kalamu kwenye pleti ili kesho usianze upya.

Na sheria moja ya kuokoa vidole: kabla ya kutoa kamera au lenzi, kaza vifundo vyote. Ukiondoa kamera umeondoa uzito wa nyuma, na lenzi itapiga mbele kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye daladala.

Na nyumbani je?

Najua wapo mnaosema: dada mhariri, sisi hatuna lenzi, tuna matatizo ya ndoa. Haya, njooni.

Katika ndoa yangu kulikuwa na makosa mawili, na nimeyachambua kwa muda mrefu. Kosa langu: nilitaka kumshangaza kwenye jambo analolijua yeye, mimi nisilolijua, na sikumuuliza mtu yeyote isipokuwa anayeuza. Mshangao ulikuwa wa raha yangu mimi. Nilitaka kuona uso wake akifungua boksi. Kama ningemwambia, "Nina laki tatu na nusu, twende ukachague," angefurahi vile vile na kucha ingekuwepo.

Kosa lake, na alilikubali mwenyewe usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa: alidhani kunificha ni kunipenda. Tumelelewa hivyo, zawadi haikataliwi, mgeni akikuletea kitu unasema asante. Lakini mke si mgeni. Mke ni mtu wa kuambiwa, "Asante, nimefurahi umenikumbuka, ila hiki hakitafaa, tukibadilishe kabla risiti haijapitwa." Ningenuna? Ningenuna, tena siku mbili nzima! Lakini kununa kwa siku mbili na kidole kubanwa, kipi nafuu?

Aliniuma zaidi kwa jambo jingine. Miezi ile mitano nilikuwa nikiwaambia wanawake wenzangu ofisini jinsi nilivyopatia zawadi. Mwenzako akikuficha ukweli kwa huruma, anakuacha unatembea barabarani na doa nyuma ya gauni, na yeye analiona.

Sasa tuna utaratibu. Zawadi ya vifaa vya kazi au starehe ya mtu, mwenyewe anashirikishwa. Za kushangaza ni zile ambazo zikikosewa hakuna atakayeumia: chakula, manukato, safari. Na mtu akipewa kitu kisichomfaa, ana siku saba za kusema. Zikipita, ameridhika na hana haki ya kulalamika. Neema naye ameushika utaratibu huo. Juzi alimwambia bibi yake waziwazi kwamba soksi zinambana, nikatamani ardhi inimeze.

Tulirudi

Septemba 2024 tulirudi Mikumi, bwawa lile lile, na kiongozi yule yule. Aliangalia mkono wa Baba Neema kabla hata ya kusalimia. Kucha imeota tena, ila imepinda kidogo, na kidole hicho hakikunjiki vizuri asubuhi za baridi. Hilo halitarudi.

Alisimamisha tripodi, akapima, akafunga, akasawazisha. Kisha akasogea pembeni akaniambia, "Njoo ushike wewe."

Niliogopa. Niliweka vidole viwili tu nyuma ya kamera. Zile kilo tano nilizokuwa nikizihofia zilisogea kama mlango uliotiwa mafuta. Nikaachia, zikabaki pale pale. Nikacheka peke yangu.

Furukombe hakuja siku ile. Alikuja mdiria, yule mdogo mweusi kwa mweupe, akasimama hewani juu ya maji akipiga mabawa, macho yako chini kwa samaki. Nikamfuata. Baba Neema alikuwa nyuma yangu akinong'ona, "Bonyeza, bonyeza, bonyeza sasa!" Nikabonyeza. Nilipiga picha nyingi, kumi na tisa zikiwa ni maji matupu. Katika moja tu mdiria yupo, jicho linang'aa, tone la maji liko chini ya mdomo.

Picha hiyo iko ukutani, juu ya makochi ambayo hatimaye tuliyanunua. Kichwa cha gololi hatukukitupa. Anakitumia kwenye harusi na lenzi ndogo, na kwa kazi hiyo hakina mfano. Akikifunga huwa ananiambia, "Asante kwa zawadi," na siku hizi naamini anamaanisha.

Tukutane mwezi ujao. Na leo usiku, kama kuna kitu ulipewa na mwenzako kimejaa vumbi juu ya kabati, mwambie. Kwa upole, lakini mwambie.